Ukitaka kula chumvi nyingi, ipunguze mezani

Ukisikia mtu akiambiwa kuwa amekula chumvi nyingi, jua hakutukanwa. Ameheshimiwa. Maana yake ni kwamba ameishi miaka mingi, ameona mengi, na neno lake lafaa kusikizwa. Ajabu ni kwamba chumvi hiyo hiyo, ikitiwa chunguni bila kipimo siku nenda siku rudi, ndiyo inayowazuia wengi wetu kuifikia miaka hiyo.

Hapana siku ipitayo bila wewe kuigusa chumvi. Lakini je, umewahi kujiuliza inatoka wapi na inapita wapi kabla ya kufika kwenye sahani yako? Jumapili hii tufunge safari pamoja. Tutaifuata chumvi kutoka baharini inakozaliwa, tupande nayo bara hadi jijini, kisha tuone inafanya nini ikishaingia mwilini. Na iwapo wewe na jamaa zako mna mpango wa kwenda Pwani wakati wa likizo, sehemu ya kwanza ya njia hii mnaweza kuifuata wenyewe.

MASHAMBA YASIYO NA MMEA

Ukiwa Malindi, shika barabara iendayo Garsen. Hutakaa sana garini kabla ya kuvuka daraja la mto Sabaki, ule ule unaoitwa Galana ukiwa huko Tsavo, maji yake yakiwa mekundu kwa udongo uliozolewa kutoka bara. Ng'ambo ya mto kuna Mambrui, mji mkongwe wa Waswahili. Zidi kwenda nawe utafika Gongoni, katika kaunti ya Kilifi. Kutoka hapa kuna njia inayoshuka hadi Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Ni kwenye jukwaa lililo baharini, karibu na kijiji hicho, ambako setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa angani tarehe 12 Desemba 1970.

Wageni wengi wakifika huku huinua macho juu wakiulizia habari za setilaiti. Wewe tazama chini.

Utaona mashamba makubwa yaliyo tambarare, yamegawanywa kwa matuta mithili ya majaruba ya mpunga kule Mwea. Ila ndani hamna mpunga. Mna maji ya bahari. Mabwawa mengine yana rangi ya kijani, mengine yanaelekea waridi kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hupenda kuishi katika maji makali. Yale ya mwisho ni meupe pe, hata jua la adhuhuri likiyapiga macho huuma. Mashamba haya yameenea kutoka Gongoni na Ngomeni hadi Marereni na Kurawa, na ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya chumvi inayotengenezwa nchini Kenya. Ni mali ya kampuni, kwa hivyo ukitaka kuingia ndani omba ruhusa langoni kwanza.

Kazi yenyewe hufanywa na jua na upepo, binadamu akiwa msaidizi tu. Maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza, yakakaa hapo yakipungua kwa kukauka. Kisha hupelekwa bwawa la pili, la tatu na kuendelea, kila mara yakizidi kuwa mazito. Chokaa na jasi hutangulia kutuama chini. Maji yakifika kiwango ambapo chumvi ni kama robo ya uzito wake, chembe nyeupe huanza kujitokeza zenyewe na kujaa chini kama mchele uliomwagika. Maji machungu yanayosalia huondolewa, kisha chumvi ikakusanywa malundo malundo. Wakati mzuri wa kazi hii ni ule wa jua kali la kaskazi. Masika yakianza kunyesha mwezi Aprili, mvua huyeyusha kilichotafutwa kwa miezi mingi.

Baada ya hapo chumvi huoshwa, hukaushwa, husagwa, na kutiwa iodini kama sheria inavyotaka. Iodini hii ni muhimu sana. Ndiyo inayotukinga na ugonjwa wa rovu, yaani ule uvimbe wa shingo, na pia huusaidia ubongo wa mtoto kukua tangu akiwa tumboni mwa mamake. Basi asije mtu akakwambia kuwa dawa ya presha ni kuacha chumvi ya paketi na kununua ile isiyotiwa kitu. Shida yetu ni wingi wa chumvi. Iodini haina lawama.

Kabla hatujaondoka hapa, chukua hesabu moja ya kukaa nayo akilini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kisichojaza kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hivyo chupa moja tu ya maji haya unayoyaona mbele yako ina chumvi ya kukutosha wiki nzima. Lakini kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023, binadamu kwa wastani hula karibu gramu 11 kila siku. Posho ya wiki tunaimaliza katika siku tatu na ushei.

CHUMVI IKISHAPITA KOONI

Usidhani kuwa chumvi ni adui. Mwili hauwezi kuishi bila sodiamu, ambayo ndiyo asilimia 40 ya uzito wa chumvi. Bila hiyo neva hazipelekani habari wala misuli haikunjuki. Ila kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, na kinachozidi sharti figo zikitoe kwa mkojo.

Figo zikizidiwa, sodiamu hubaki katika damu. Na tabia ya chumvi unaijua: huvuta maji. Ndiyo maana ukiacha kopo wazi wakati wa mvua, chumvi hulowa. Ndani ya mwili ni vivyo hivyo. Maji huvutwa, damu huongezeka wingi, na moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi kupitia mishipa ile ile. Hebu fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliofunguliwa bomba hadi mwisho. Kadiri miaka inavyopita, kuta za mishipa huwa ngumu na misuli ya moyo hunenepa kwa kazi. Hilo ndilo shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita mitaani. Mwisho wake waweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa na kazi, au figo kuharibika.

Ubaya wa presha ni kwamba aghalabu haibishi hodi. Mtu huwa na nguvu zake, anapanda ngazi, anacheka na wenzake, kumbe ndani kunaungua. Utafiti uliofanywa nchini kote mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kupimwa hakuchukui hata dakika tano. Ukiambiwa kwamba presha yako ni 140 kwa 90 au zaidi, na ikapatikana hivyo tena siku nyingine, ni lazima umwone daktari.

KUTOKA KIJIJINI HADI JIJINI

Sasa tupande gari la kwenda Nairobi. Sababu ya kuja huku ni kwamba jiji hili liliwahi kuufundisha ulimwengu somo kubwa kuhusu chumvi na moyo.

Katika miaka ya 1980, watafiti walioongozwa na Neil Poulter waliwafuata vijana wa Kiluo waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kuja kutafuta riziki Nairobi. Waliwapima wahamaji hao na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza, nayo yalishangaza wengi. Katika muda mfupi tu baada ya kuhamia mjini, presha ya wahamaji ilikuwa imepanda kuliko ya ndugu zao wa kijijini. Walikuwa wameongezeka uzito, na mkojo wao ulionyesha kuwa sodiamu ilikuwa imezidi ikilinganishwa na potasiamu.

Tafakari jambo hili, msomaji. Vijana hao walikuwa wa damu moja na ukoo mmoja na wale waliobaki. Kilichobadilika ni mahali na maisha, na chakula ni sehemu kubwa ya maisha hayo. Kwa hivyo usijifariji kwa kusema kuwa presha ni ya ukoo fulani, au ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Jiji huanza kazi yake mapema.

Na potasiamu hiyo ni kitu gani? Ni madini yanayozisaidia figo kuitoa sodiamu nje, na yamejaa katika ndizi, viazi vitamu, maharagwe, maparachichi, machungwa, madafu na mboga za majani. Chakula cha kijijini kina mengi ya hayo. Hata ule munyu wa kienyeji ambao akina nyanya kule magharibi huuchuja kutoka majivu ya maganda ya maharagwe, ili kulainishia mboga, una potasiamu kwa wingi kuliko sodiamu.

Linganisha na siku ya kawaida ya mkazi wa jiji. Asubuhi ni chai na mkate, na mkate una chumvi ingawa hauionji. Mchana ni chipsi, zikinyunyiziwa chumvi mbele ya macho yako kisha zikamwagiwa sosi ya nyanya. Jioni ukishuka kwenye matatu kuna soseji na mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa yakatiwa kachumbari na chumvi. Mwanafunzi naye amekula krispu na njugu za chumvi njiani. Mkifika nyumbani, sukuma wiki inatiwa chumvi, kisha unga wa mchuzi wa paketi ambao wenyewe una chumvi tele. Chakula kikiwa mezani, baba hunyoosha mkono kuchukua kopo kabla hata hajaonja.

Watu wa Pwani nao wasicheke. Papa mkavu na ng'onda zimehifadhiwa kwa chumvi. Achari ni chumvi. Embe bichi la pilipili na mihogo ya kukaanga mnayokula jioni kwenye upepo wa Mama Ngina, Mombasa, hunyunyiziwa chumvi bila kupimiwa.

NDUGU YAKE CHUMVI YUKO MAGADI

Kabla hatujaketi mezani, kuna kituo kimoja zaidi. Kusini-magharibi mwa Nairobi, ukipitia Kiserian na kuteremka Bonde la Ufa, utafika Ziwa Magadi. Joto lake ni kali na ziwa lenyewe limeganda juu kama barafu ya waridi. Heroe huonekana hapa, na watu wa jijini hupenda kwenda kupiga picha Jumamosi na kurudi jioni.

Yale magadi tunayotia kwenye maharagwe, githeri na mboga ngumu kama kunde ili ziive upesi ni ya jamii hii. Hayana ladha ya chumvi, na hapo ndipo mtego ulipo. Nayo ni sodiamu! Ulimi hausikii chochote, lakini figo zinahesabu. Mpishi anayetia magadi kisha akatia chumvi ametia sodiamu mara mbili. Dawa ni rahisi: loweka maharagwe usiku kucha, umwage yale maji, kisha uyachemshe kwa maji mapya. Yataiva, na kuni au gesi haitaliwa sana.

TUFANYE NINI?

Njia zipo, na hazihitaji fedha. Nyingine hata zinaokoa fedha.

Kwanza, pima kwa paketi. Siku utakayofungua paketi mpya ya chumvi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Watu wazima watano wanaokula gramu 5 kila mmoja hutumia gramu 25 kwa siku. Kwa hivyo paketi ya nusu kilo haipaswi kwisha kabla ya siku 20, hata kama chumvi yao yote inatoka humo. Na kwa kuwa nyingine inaingia kupitia mkate, soseji na chakula cha njiani, paketi yafaa ikae zaidi ya hapo. Mkiwa na watoto, ikae zaidi tena, kwani mtoto anahitaji kidogo kuliko mtu mzima. Chakula cha mtoto mchanga kisitiwe chumvi kabisa. Wape watoto wa shule kazi ya kuweka hesabu hii. Wataifurahia, nanyi wazazi hamtakuwa na pa kujificha.

Pili, ondoa kopo la chumvi mezani. Anayeitaka ainuke akaichukue jikoni. Utashangaa wangapi watakaa wakale.

Tatu, soma maandishi yaliyo kwenye paketi za vyakula. Ukiona sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Paketi ikisema miligramu 800 za sodiamu katika gramu 100, hizo ni gramu 2 nzima za chumvi.

Nne, tafuta ladha kwingineko. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulalamika kuwa chakula kisicho na chumvi nyingi ni cha hospitali. Tuna ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, dania, bizari, pilipili na tui la nazi. Samaki aliyekandwa kwa ndimu na kitunguu saumu huhitaji chumvi kidogo sana. Papa na ng'onda ziloweke na kubadilisha maji mara mbili au tatu kabla ya kupika. Ukitia unga wa mchuzi, usitie chumvi tena. Na ukienda kula nyama choma, mhudumu akija na lile fungu jeupe kwenye ubao na kukuuliza, "Niwaongezee chumvi, mzee?" mjibu, "La, kijana wangu, tuletee ndimu na kachumbari."

Tano, punguza polepole. Ulimi hufundishika. Ukipunguza kidogo kidogo, baada ya wiki chache chakula ulichokizoea zamani kitakuonekea kikali. Waingereza walilithibitisha hili kwa taifa zima. Walikubaliana na watengenezaji wa mikate na vyakula vingine wapunguze chumvi kidogo kidogo. Kutoka mwaka 2001 hadi 2011 wastani wa chumvi aliyokula mtu ulishuka kutoka gramu 9.5 hadi 8.1 kwa siku, na presha ya wananchi ikashuka pia. Walaji wengi hawakutambua hata kwamba mkate umebadilika.

Uchina nako, katika vijiji 600, baadhi ya watu walipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa imebadilishwa ikawa ya potasiamu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa viharusi vilipungua kwa asilimia 14 miongoni mwao. Hata hivyo, ukiiona chumvi ya namna hiyo dukani, tahadhari. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa fulani za presha, aweza kudhurika kwa potasiamu ikizidi. Amuulize daktari kwanza. Naye aliyekwisha kuandikiwa dawa za presha asiziache eti kwa sababu amepunguza chumvi. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

NENO LA MWISHO

Baadhi ya mambo ni ya serikali na viwanda: mkate upunguzwe chumvi, paketi ziandikwe kwa maandishi yanayosomeka, zahanati ziwe na vipimo vya presha vinavyofanya kazi. Hayo tuyadai bila kuchoka. Lakini sufuria ya nyumbani haingojei bunge. Mkono unaotia chumvi ni wako, au wa mtu unayemwita mama, dada, shangazi au mke, na waweza kuzungumza naye leo hii kabla ya chakula cha jioni.

Bahari ya Ngomeni haitakauka, na mashamba yale meupe yataendelea kutupa chumvi miaka nenda miaka rudi. Tuishukuru, tuitumie, ila kwa kipimo. Kidogo kidogo kwa siku, kwa miaka mingi: hiyo ndiyo namna ya kula chumvi nyingi, mpaka wajukuu wakae miguuni pako wakisikiza hadithi.